Hablara, comiera, viviera: mwongozo wa dhamira tegemezi ya wakati uliopita katika Kihispania

Mama anataka nile. Jana pia mama alitaka nile. Kitenzi cha kwanza kimebadilika, cha pili hakikutikisika: *nile* ya leo na *nile* ya jana ni ileile. Hii -e ya Kiswahili haina saa mkononi. Kihispania kinayo. Sentensi ya leo ni *Mamá quiere que coma*, na ya jana ni *Mamá quería que comiera*. Hiyo *comiera* ndiyo inayoitwa *imperfecto de subjuntivo*. Humu tutaiita kwa ufupi umbo la -ra.

Kuliunda umbo hili ni kazi ya dakika chache kwa mtu anayejua tayari wakati uliopita wa *hablé, comí, viví*. Ugumu uko kwenye kujua lini linahitajika. Hapo mzungumzaji wa Kiswahili ana mteremko mahali fulani, na mahali pengine ana mitego yake ambayo vitabu vilivyoandikwa kwa ajili ya Waingereza haviitaji kabisa, kwa sababu Mwingereza hanasi humo.

Kuliunda

Hatua ya kwanza: tafuta kitenzi kilivyo kwa "wao" katika wakati uliopita, yaani *pretérito*. *Hablar* (kuzungumza) inatoa *hablaron*, *comer* (kula) inatoa *comieron*, *vivir* (kuishi) inatoa *vivieron*.

Hatua ya pili: kata -ron. Unabaki na *habla-*, *comie-*, *vivie-*.

Hatua ya tatu: bandika -ra, -ras, -ra, -ramos, -rais, -ran kwa kufuata nafsi.

Hatua ya nne: kwenye "sisi" peke yake, weka alama ya mkazo juu ya irabu iliyotangulia -ramos.

yo: hablara, comiera, viviera
tú: hablaras, comieras, vivieras
él, ella, usted: hablara, comiera, viviera
nosotros: habláramos, comiéramos, viviéramos
vosotros: hablarais, comierais, vivierais
ellos, ustedes: hablaran, comieran, vivieran

Vitenzi vya -er na vya -ir vimevaa sare moja, kwa hiyo seti za kukariri ni mbili tu. Safu ya *vosotros* ni ya Uhispania. Amerika ya Kilatini wanasema *ustedes* na wanamaliza na -ran. Muargentina anayekuita *vos* naye anatumia umbo la *tú*: *que vos hablaras*.

Kwa nini tuanzie kwa "wao", tusianzie kwenye jina la kitenzi? Kwa sababu jina la kitenzi linadanganya. Ukibandika -a kwenye *hablar* utapata *hablara*, sawa, na utadhani umegundua njia ya mkato. Ifanye njia hiyo kwa *comer* na utapata *comera*, neno ambalo halipo, tena linalofanana hatari na *comerá* (atakula). Njia ya "wao" haina hata kitenzi kimoja kinachoikataa. Vitenzi vikorofi kabisa vinaitii: *tuvieron* inatoa *tuviera*, *dijeron* inatoa *dijera*, *fueron* inatoa *fuera*. Ukikosea umbo la -ra, karibu kila mara kosa liko nyuma yake, kwenye *pretérito* usiyoijua vizuri. Rudi ukaisome hiyo kwanza.

Mkazo: barabara na barábara

Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na umbo la -ra linafanya hivyohivyo: ha-BLA-ra, co-MIE-ras, vi-VIE-ran. Soma kama unavyosoma Kiswahili na utakuwa sahihi. "Sisi" ndiye mkaidi. Mdomo wetu unataka kusema ha-bla-RA-mos, ilhali sahihi ni ha-BLA-ra-mos. Ukitaka kipimo cha sikio, tunacho nyumbani: *barabara* ya magari na *barábara* ya "sawasawa". *Habláramos* inapigwa kwa mdundo wa ile ya pili.

Alama hiyo si pambo. *Hablara* bila alama ni umbo letu; *hablará* yenye alama mwishoni ni "atazungumza". Vivyo hivyo *hablaras* na *hablarás*, *hablaran* na *hablarán*. Mgongano huu uko kwenye vitenzi vya -ar pekee, maana *comiera* na *comerá* hata kwa macho vimeachana. Unapoandika kwa simu, chunga kibodi isikubandikie alama usiyoitaka.

Tatizo jingine la -ar: vitenzi ambavyo tayari vina r kabla ya -ar. *Preparar* inatoa *preparara*, *comprar* inatoa *comprara*, *esperar* inatoa *esperara*. Wanafunzi wengi wakiona -rara wanadhani ni kosa la uchapaji na wanafuta silabi moja. Usifute. *Compra* ni "ananunua".

Tena, "mimi" na "yeye" wana umbo moja. Kiswahili kina ni- na a- mbele ya kitenzi, hivyo hatujazoea utata huu. Kihispania hupenda kuacha viwakilishi, ila hapa viweke pale maana inapoyumba: *Quería que yo hablara*, *Quería que ella hablara*.

Vinavyoonekana vikorofi na si vikorofi

*Pensar* na *volver* hubadilika shina katika wakati uliopo (*pienso, vuelvo*), ndipo watu wanaandika *piensara* na *vuelviera*. Makosa yote mawili. Kwa "wao" ni *pensaron* na *volvieron*, kwa hiyo *pensara* na *volviera*. Kanuni hiyo inashika vitenzi vya -ar na -er vya namna hiyo. Vya -ir vina lao: *pedir* ni *pidieron*, hivyo *pidiera*; *dormir* ni *durmieron*, hivyo *durmiera*.

*Buscar*, *llegar* na *empezar* hubadilisha tahajia kwa "mimi" tu (*busqué, llegué, empecé*). Kwa kuwa sisi tunaanzia kwa "wao", mabadiliko hayo hayatuhusu: *buscara, llegara, empezara*. Na *escribir* na *abrir*, ambazo zina *escrito* na *abierto*, hapa ni za kawaida kabisa: *escribiera, abriera*.

*Leer* na *caer* huweka y kati ya irabu: *leyeron, leyera, cayeron, cayera*. *Dar* ina sura ya -ar na mwenendo wa -er: *dieron, diera*. Kuhusu *andar*, sahihi ni *anduviera*, ingawa hata wenyeji utawasikia wakisema *andara*.

Na hii -se je?

Badala ya -ra unaweza kuweka -se, -ses, -se, -semos, -seis, -sen juu ya shina lilelile: *hablase, comiese, viviésemos*. Maana haibadiliki. Asili yake ni maumbo mawili tofauti ya Kilatini ambayo yamekuja kufanya kazi moja. Amerika ya Kilatini -ra imetawala mazungumzo karibu yote. Uhispania utasikia zote mbili, huku -se ikionekana zaidi kwenye maandishi. Ushauri wetu: sema -ra, itambue -se unapoisoma. Usichanganye tu *lavase* na *lavarse*. Ya pili ni "kunawa".

Kuna sehemu mbili ambazo -se haiingii. Ya kwanza ni adabu: *quisiera* (ningependa) na *debieras* (ingekupasa) hazina badala ya -se katika matumizi hayo. Ya pili ni ya magazeti, ambako -ra hutumika kwa jambo lililokwisha kutokea bila shaka yoyote: *el discurso que pronunciara el presidente*, hotuba aliyoitoa rais. Ielewe, usiiige.

Lini: kipimo cha -e

Fikiria sentensi yako kwa Kiswahili. Kama kitenzi cha pili kinaishia na -e ya kutaka, kuamuru au kuomba, na cha kwanza kiko wakati uliopita, weka umbo la -ra.

Aliniomba nimsaidie: *Me pidió que lo ayudara.*
Hawakuruhusu tuingie: *No permitieron que entráramos.*
Ilikuwa lazima walipe: *Era necesario que pagaran.*

Kipimo hiki kinatatua hata jambo linalowasumbua wanafunzi wa mataifa mengine kwa miezi, yaani *decir* yenye sura mbili. "Aliniambia alilipa" ni taarifa: *Me dijo que pagó*. "Aliniambia nilipe" ni agizo: *Me dijo que pagara*. Sisi tunatofautisha hivyo tangu utotoni.

Kitenzi cha kwanza kikiwa na -ría ya "ningependa", mambo ni yaleyale: *Me gustaría que vivieras aquí*, ningependa uishi hapa. Hapa hakuna wakati uliopita wowote, lakini -ría inavuta -ra.

Kama mtendaji ni mmoja pande zote, Kiswahili hutumia ku- na Kihispania hutumia jina la kitenzi: nilitaka kula, *quería comer*. Mpaka hapo tunaenda sambamba. Kisha tunaachana kwenye *ili* na *ilibidi*, kwa kuwa Kiswahili huweka -e hata mtendaji akiwa yuleyule. "Nilikwenda Madrid ili nijifunze Kihispania" si *para que yo aprendiera*. Ni *Fui a Madrid para aprender español*. "Ilinibidi nisome" ni *Tuve que estudiar*. Mtendaji akibadilika, -ra inarudi: nilimlipa mwalimu ili anifundishe, *Pagué a un profesor para que me enseñara*.

Pale kipimo kinapokufa: kwamba

Hapa ndipo alama za mtihani zinapotea. Kwa hisia na kwa kutoamini, Kiswahili hutumia *kwamba* na kitenzi cha kawaida, bila -e wala dalili yoyote. Kihispania kinadai subjuntivo, yaani dhamira tegemezi.

Nilifurahi kwamba ulifika: *Me alegró que llegaras.*
Sikuamini kwamba anaishi pale: *No creía que viviera allí.*
Walihofu kwamba tungeuza nyumba: *Temían que vendiéramos la casa.*

Hakuna hila ya kukwepa. Hapa unakariri vitenzi vyenyewe. Anza na *alegrar, molestar, sorprender, temer, dudar, no creer, no pensar*. Angalia kwamba *creer* bila *no* inarudi kawaida: *Creía que vivía allí*.

Kitenzi cha kwanza kinaweza pia kuwa cha leo huku tukio likiwa la jana: *No creo que llegaran ayer*, sidhani kama walifika jana. Wanaosema "leo huenda na leo, jana huenda na jana" wamerahisisha mno. Tukio la pili likishapita, -ra inaruhusiwa.

-nge-, -ki-, -ngali-

Ukilinganisha jedwali hili dogo na sarufi yetu, nusu ya safari ya *si* imekwisha:

Ukisoma, utafaulu: *Si estudias, aprobarás.*
Ungesoma, ungefaulu: *Si estudiaras, aprobarías.*
Ungalisoma, ungalifaulu: *Si hubieras estudiado, habrías aprobado.*

Sasa tazama mstari wa kati. Kiswahili kinaweka -nge- mbili, mapacha. Kihispania kinaweka vitu viwili tofauti: -ra baada ya *si*, na -ría upande wa pili. Kosa kubwa la msemaji wa Kiswahili ni kuwafanya hawa nao mapacha: *Si estudiarías, aprobarías*. Ni kweli kaskazini mwa Uhispania, hasa upande wa Wabaski, utasikia wenyeji wakisema hivyo, na sehemu za Amerika ya Kilatini utasikia -ra pande zote mbili. Kwenye mtihani yote hayo yanakatwa. Ukigeuza mpangilio, kila kitenzi kinabaki na vazi lake: *Compraría una casa si ganara más*.

Baada ya *si* ya masharti, subjuntivo ya wakati uliopo nayo haikai. *Si llueva* si Kihispania. Mvua ikinyesha ni *si llueve*. Mvua ingenyesha ni *si lloviera*.

Kuna *si* nyingine ambayo ni "kama" ya kujiuliza, na hiyo haina uhusiano na -ra: sikujua kama watalipa, *No sabía si pagarían*. Jaribu kuweka "au la" mwishoni. Ikikubali (sikujua kama watalipa au la), hiyo si sharti.

Na -ngali-? Wengi wetu tumeiacha katika mazungumzo, tunasema "ungesoma mwaka jana, ungefaulu". Mzigo huo usiuvushe. Neno "mwaka jana" linakulazimisha useme *si hubieras estudiado*, maana *si estudiaras* inazungumzia leo au kesho.

Viunganishi vyenye visirani

*Como si*, kana kwamba, hutaka -ra daima, hata kitenzi cha kwanza kiwe cha sasa: *Habla como si viviera aquí*, anaongea kana kwamba anaishi hapa. (Kwa jambo lililokwisha pita kabla ya hapo, *como si hubiera vivido*.)

*Antes de que* ina mtego wa Kiswahili mtupu. Tunasema "tuliondoka kabla mvua haijanyesha", tukiwa na kikanushi ndani. Mwanafunzi anaandika *antes de que no lloviera*. Ondoa *no*: *Salimos antes de que lloviera*.

*Sin que* vilevile inafichwa na ku-: aliingia bila mtu yeyote kugundua, *Entró sin que nadie lo notara*.

*Cuando* hubebana na -po-. Ikiwa Kiswahili kinasema "alipo-", tukio lilitokea, tumia *pretérito*: alinipigia simu alipofika, *Me llamó cuando llegó*. Ikiwa ni "atakapo-" ndani ya maneno yaliyosemwa zamani, tukio lilikuwa bado: alisema atanipigia atakapofika, *Dijo que me llamaría cuando llegara*. *Hasta que* inafuata njia hiyohiyo.

*Aunque* ni mbili: ingawa ilinyesha, *aunque llovió*, hata kama ingenyesha, *aunque lloviera*.

*Que* ya kueleza mtu au kitu huamuliwa na swali moja: je, anayetafutwa anajulikana? *Buscaban un guía que hablara suajili*: walitafuta mwongoza watalii yeyote anayezungumza Kiswahili, hawajui kama yupo. *Conocieron a un guía que hablaba suajili*: walimpata, ana jina. Kiswahili hutumia anayezungumza kwa wote wawili, kwa hiyo lazima ujiulize mwenyewe.

*Ojalá* ni ndugu wa mbali wa inshallah. Limetoka katika Kiarabu kilichozungumzwa Uhispania enzi za utawala wa Waislamu, likiwa na maana ya "Mungu angetaka". Likifuatwa na wakati uliopo lina matumaini, *Ojalá llueva*, inshallah itanyesha. Likifuatwa na -ra ni *laiti*: *Ojalá lloviera*, laiti mvua ingenyesha, na anga ni jeupe.

Mazoezi

Chukua vitenzi 18: *hablar, trabajar, ayudar, pagar, llegar, esperar, comer, beber, vender, aprender, correr, deber, vivir, abrir, escribir, recibir, subir, permitir*. Vitatu kwa siku, siku sita. Kwa kila kimoja tamka kwa sauti "wao" kwanza (*recibieron*), kisha *recibiera*, kisha *recibiéramos*. Maumbo hayo matatu yanatosha, kwa kuwa mengine yanajileta. Usiruke "wao" hata ukiona umeshazoea. Ndiyo itakayokuokoa utakapofika kwa *traer* na *conducir*.

Kisha tafsiri hizi bila kutazama juu:

1. Walimu walitaka tufanye kazi.
2. Ningeishi pwani, ningekula samaki kila siku.
3. Alifungua dirisha ili apumue.
4. Tulifika kabla treni haijaondoka.
5. Nilishangaa kwamba mliuza gari.
6. Anatumia pesa kana kwamba anaishi peke yake.
7. Sikujua kama wataandika.

Majibu:

1. *Los profesores querían que trabajáramos.* Alama iko juu ya a ya tatu.
2. *Si viviera en la costa, comería pescado todos los días.* Ukiandika *viviría* baada ya *si*, rudi kwenye mapacha.
3. *Abrió la ventana para respirar.* Mtendaji ni mmoja, hakuna -ra.
4. *Llegamos antes de que saliera el tren.* Hakuna *no*. *Salir* ni korofi katika *salgo* na *saldré*, lakini *salieron* ni ya kawaida.
5. *Me sorprendió que vendieran el coche*, au *vendierais* ukiwa Uhispania na watu uliowazoea. Sehemu nyingi za Amerika ya Kilatini watasema *carro*.
6. *Gasta dinero como si viviera solo.* Anayezungumziwa akiwa mwanamke, *sola*.
7. *No sabía si escribirían.* "Kama wataandika au la": inakubali, kwa hiyo si sharti.